Darasa la Kunyamaza

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa maandazi kabla hujalimaliza, nakurudisha nyuma kwa maneno machache tu, maana hata mimi nikianza kurudi nyuma huwa napotelea huko huko.

Naitwa Polikarp, fundi redio, meza yangu iko upande wa nyuma wa soko la Sumbawanga. Kazi ya ukarani ghalani iliniponyoka mwaka wa tisini na mbili, watu walipoanza kupunguzwa, na nilishaungama jinsi nilivyomjibu meneja swali ambalo hakuwa ameniuliza. Wiki iliyopita niliungama kubwa kuliko hilo.

Mke wangu Asnath ni mwalimu wa shule ya msingi, na alikuwa anatazamiwa kupewa ukuu wa shule. Mkaguzi akaja nyumbani kutusalimia. Akanywa chai, akaanza kusema, "Mwalimu, sisi tunaona una moyo wa kubaki na watoto hawa..."

Nikadakia. "Kubaki wapi, mzee? Huyu mwakani anaacha chaki, anafungua duka la vitabu. Siku hizi ni ruksa."

Ilikuwa siri ya chumbani, nami nikaimwaga sebuleni mbele ya mtu mwenye kalamu mfukoni.

Ukuu wa shule ukaenda kwa mwingine. Asnath akakaa siku tatu bila kusema neno. Siku ya nne akamshika mkono binti yetu Debora, wa miaka minne, akapanda lori la kwenda kwao Mwazye. Mguu mmoja ukiwa tayari juu, aliniambia hivi.

"Baba Debora, siondoki kwa sababu hunipendi. Naondoka kwa sababu tangu unioe sijawahi kumaliza sentensi."

Nami, msomaji wangu, nikafungua mdomo kumkatiza. Lori likaondoka. Tuendelee.

*

Ujumbe wa baba mkwe, Mzee Theodory, uliletwa na dereva wa lori lile lile. Nije Mwazye Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa sita, na nije na mshenga.

Nikaenda kwa baba yangu mdogo, Beda, aliyekwenda kuniposea miaka saba iliyopita. Mzee Beda ameposea nusu ya ukoo wetu na kusuluhisha nusu iliyobaki. Nilimkuta anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Kaa. Ukweni kwako nakujua. Kwa Theodory, mkwe mkosaji haongei. Anaongea mshenga, na mshenga ana neno moja tu: tumekosa. Wakitaja kosa, tumekosa. Wakitaja jingine, tumekosa. Ukibisha kosa moja, wanakufukulia mengine kumi. Wewe unakaa mkekani, unainamisha kichwa, mpaka baba mkwe aseme, 'Mkwe, karibu.' Ukifungua mdomo kabla ya hapo, kikao kinafungwa, na hatutaitwa tena mpaka..."

"Mpaka lini?"

Mzee Beda aliacha kupukuchua. "Mpaka mavuno mengine. Hilo ndilo nilikuwa nalisema."

Mwaka mzima bila Asnath. Mwaka mzima bila Debora. Nikauliza kikao chenyewe kinachukua muda gani. Akanikumbusha kile cha binamu yangu Cornelius, kilichoanza watu wametoka misa kikaisha jua likizama.

Najijua. Shuleni nilichapwa kwa kutotulia, ukubwani nikafukuzwa kazi kwa hilo hilo, na kanisani mke wangu alikuwa ananifinya paja wakati wa mahubiri. Kuniambia ninyamaze nusu siku ni kama kuniambia nikae chini ya maji. Nilirudi mjini nikiwa nimeshakata tamaa.

*

Aliyeniokoa, au niseme aliyeniponza, alikuwa mteja.

Bertha Mboje ni mama wa Kisukuma. Mume wake na ndugu zake walihamia bonde la Rukwa na ng'ombe wao, lakini yeye alibaki mjini kwa sababu ya kazi. Redio yake ilikuwa mezani kwangu tangu mwezi wa tano, imefunguliwa, moyo wake uko kwenye kopo na spika iko nyumbani. Nilipomwona anakuja nikajihami mapema.

"Fundi, nimekuja..."

"Kesho, mama. Redio yako kesho iko tayari. Ni ile spika ilinisumbua."

"Nimekuja kukupa pole," alisema. "Nimesikia mwenzio ameondoka."

Nikakosa pa kuweka uso.

Alivuta kreti la soda akakaa, wala hakutaja redio tena. "Mimi nimekaa kwenye mtambo wa simu miaka ishirini na sita. Unajua kazi yangu ilikuwa nini?"

"Kuunganisha simu."

"Kusikiliza. Mtu yuko Mpanda, simu inakwaruza, anataja namba. Ukikosea namba moja, taarifa ya msiba inakwenda kwa mtu mwenye harusi. Kwa hiyo kabla ya kugusa waya, unamrudishia alichosema. 'Umesema arobaini na saba?' Akisema ndiyo, ndipo unaunganisha. Wewe, fundi, unaunganisha kabla mtu hajataja namba."

Nikataka kumwambia kwamba meneja naye... Akainua kidole. Nikanyamaza, na nikasikia uchungu kabisa wa lile neno likirudi tumboni.

"Sasa niambie ukweli. Unapomkatiza mtu, kichwani kuna nini?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Wote waliuliza nina adabu gani. Nikafikiri, halafu nikasema kweli. "Naogopa, mama. Neno likija nikilisubirisha, linanitoka na halirudi. Na mtu akiongea polepole nahisi kama nimefungwa kamba."

Mama Bertha hakucheka. Alisema alishawahi kumsikia sista mmoja daktari akieleza kwamba wapo watu wazima walio hivyo tangu utotoni. Akili yao inakimbia kama ng'ombe walionusa maji. Si wajinga na si wajeuri. "Alisema hawaponi, ila wanafundishika. Una wiki ngapi?"

"Tatu."

"Zinatosha kuanza."

Hapo ndipo nilipoanzishiwa darasa la kunyamaza, mimi baba wa mtoto, nikiwa na miaka thelathini na nne, mwanafunzi peke yangu, mwalimu amekaa juu ya kreti.

Alinifundisha kurudia alichosema mtu kabla ya kumjibu. Alinifundisha kuandika kiganjani neno ninaloogopa litaniponyoka, neno moja tu, halafu niendelee kusikiliza kwa amani. Lakini lililonisumbua kuliko yote lilikuwa la pumzi.

"Watu hupumua katikati ya sentensi," alisema. "Wewe ukisikia pumzi unadhani wamemaliza. Hawajamaliza. Mtu akinyamaza, subiri apumue mara moja zaidi. Ndipo useme."

Nilifanya mazoezi kwa wateja. Akaja jamaa wa Kabwe, mwenye mtumbwi wa injini, ameshika redio mpya kutoka Zambia.

"Fundi, hii inakoroma."

Siku zote ningekuwa nimeshashika bisibisi. Nikasema, "Inakoroma."

"Ndiyo, inakoroma."

Nikasubiri pumzi. Mkono ulikuwa unaniwasha.

"Inakoroma nikiwa majini," akaendelea. "Nyumbani haikoromi."

"Majini unaiweka wapi?"

"Juu ya injini."

Hiyo redio niliitengeneza bila kuifungua. Jamaa akaondoka akiniita mtaalamu, na mimi nikakaa nikijiuliza ni redio ngapi nimezifungua bure katika maisha yangu.

Sisemi nilikuwa malaika. Wiki ya pili nilimpungia mkono paroko barabarani, na kiganjani nilikuwa nimeandika MAHUBIRI MAREFU kwa wino wa bluu. Alisoma, akanijibu kwa kupunga na wake. Jumapili ile alihubiri dakika kumi, na sikujua nifurahi au nijifiche.

Siku ya mwisho mama Bertha alinipa mkono. "Sikukufundisha kunyamaza, fundi. Nimekufundisha kusikiliza. Usivichanganye hivyo viwili."

"Umesema nisivichanganye," nikamrudishia.

Nililirudia vizuri, neno kwa neno. Kulielewa ni jambo jingine.

*

Tulifika Mwazye asubuhi, mimi na Mzee Beda, tumejikunyata juu ya magunia. Upepo wa mwezi wa sita kule juu hauna huruma na mtu. Tulikuwa na mbuzi, kitenge, na mfuko wa sukari, kama ilivyoagizwa.

Wakwe walikuwa wamekaa kwenye viti, sisi tukakaa mkekani. Mzee Theodory katikati. Kulia kwake mama mkwe, Agnesi. Kushoto shemeji yangu mkubwa, Leonardi, anayepakia mizigo bandarini Kasanga, mwenye mikono kama makasia. Asnath hakuwepo, lakini mlango wa chumba ulikuwa na pazia, na chini ya pazia niliona vidole vya miguu ninavyovijua.

Kabla hata sala haijaisha, Debora alichomoka nje akanirukia shingoni.

"Baba, umeniletea nini?"

Msomaji, nilikuwa nimemletea viatu vyekundu. Vilikuwa ndani ya koti langu. Mzee Beda akanibonyeza goti, na macho ya wakwe wote yakawa mdomoni kwangu.

"Baba, nakuuliza. Baba, umekasirika?"

Nikatikisa kichwa tu. Mtoto akaniangalia usoni, akashuka taratibu, akaenda kwa bibi yake. Wakati ule nilitamani Mwazye yote ididimie pamoja na desturi zake. Lakini nilinyamaza.

Mzee Theodory akafungua. "Beda, mkwe wetu alimkatiza mama mkwe wake akimlilia dada yake msibani, akamwambia marehemu alishawahi kuiba kuku."

"Tumekosa," akasema Mzee Beda.

"Alisahau kumpokea mtoto wetu stendi akiwa na mimba, akaja amembeba mbwa wa mtu."

"Tumekosa."

Mbwa yule alikuwa amevunjika mguu, lakini nikanyamaza. Mama mkwe akaleta la barua niliyoisoma kwa sauti ilhali haikuwa yangu. Tumekosa. La mkaguzi wa shule likaja, na hilo lilichukua muda mrefu, kwa sababu kila mmoja alitaka kulisema kwa maneno yake. Tumekosa, tumekosa. Mzee Beda alikuwa amefumba macho. Neno lilikuwa linamtoka lenyewe, kama mtu anayeitikia litania.

Nami nilikuwa naweza. Hilo ndilo nataka mlijue. Kiganja changu kilikuwa kimejaa maneno madogo madogo, jasho linayachanganya, lakini mdomo ulikuwa umefungwa. Kila kosa lililotajwa nililirudia moyoni, na kwa mara ya kwanza nikasikia jinsi lilivyomuuma aliyelisema. Mama mkwe alipogusia ule msiba, sauti yake ilikatika, na mimi miaka mitatu yote nilidhani alinichukia kwa sababu ya kuku. Nilimwonea huruma mwanamke yule kutoka moyoni. Nikasema kimoyomoyo, nikitoka hapa salama, mimi ni mtu mpya.

Ndipo Leonardi akakohoa.

"Baba, mimi nina moja. Mwaka jana, mwezi wa tisa, shemeji alishuka Kasanga kutengeneza redio za wenye maboti. Aliaga siku tatu, akakaa siku kumi na nane. Alikuwa nyumbani kwa mwanamke anaitwa Rahel. Mwezi uliopita nilimwona huyo mwanamke ana mtoto mdogo wa kiume. Sikuyaokota barabarani. Watu wa pale pale wanasema mtoto ni wa fundi redio wa Sumbawanga."

Nikageuka kwa Mzee Beda.

Mzee Beda, macho yamefumbwa, akasema, "Tumekosa."

*

Nisikilizeni, maana hapa sitaki kuruka hata kidogo.

Rahel ni mjane. Mume wake, Steven, alizama ziwani mwezi wa saba wa mwaka ule, akimwachia mimba kubwa na nyumba ya vyumba vitatu. Alikuwa anapangisha. Chumba kimoja nilipanga mimi, kingine mabaharia wawili. Siku ya kumi na saba uchungu ukamshika mchana, mabaharia wako majini, majirani wako shamba. Nikamtia kwenye mkokoteni wa samaki, nikamkimbiza zahanati. Akajifungua salama. Asubuhi nikapanda gari kurudi Sumbawanga, na njiani redio ya dereva ikaanza kukwaruza, nikaifungua magotini. Nilipofika nyumbani, Rahel alikuwa ameshafutika kichwani.

Sikumficha Asnath. Nilisahau. Mimi ambaye sijawahi kumaliza siku na siri yake yoyote, nilisahau kumwambia jambo moja.

Sasa niko mkekani. Nikisema neno, kikao kinafungwa, mwaka mzima. Nisiposema, mshenga wangu ameshakubali kwa niaba yangu. Nilimtazama Mzee Beda mpaka akafumbua macho. Nadhani hakujua alichokiitikia. Alipouona uso wangu akashtuka, na akafanya alichofanya siku zote: akanibonyeza goti.

Nikajiambia, vumilia. Zamu yako inakuja. Mzee atasema, "Mkwe, karibu," nawe utaeleza yote kwa utulivu. Nikavuta pumzi. Nikasubiri nyingine. Chumba kizima kilikuwa kinaniangalia, nami nikainamisha kichwa kama mkwe mwenye adabu.

Nilijisifu, wallahi. Nilitamani mama Bertha angeniona.

Lakini Mzee Theodory hakunikaribisha. Aliita, "Mwalimu, toka."

Asnath akatoka nyuma ya pazia. Alikuwa amevaa nguo za safari, na mkononi alikuwa na begi lake, limefungwa kamba. Akaliweka chini katikati yetu.

"Baba," alisema, "haya makosa yote niliyajua. Nilishamsamehe kabla hajafika. Nguo nimefunga tangu jana. Nilikuwa pale nyuma nasubiri tu mmalize, nimfuate mume wangu."

Moyo ulinilipuka kwa furaha, nikasahau hata kupumua.

"Kaka alipotaja Kasanga, sikushtuka. Nikasema, sasa hivi baba Debora atadakia. Nikasubiri. Mtu huyu kwa miaka saba amebishana na mimi juu ya bei ya chumvi. Alibishana na daktari juu ya uzito wa mtoto wake mwenyewe. Hajawahi kusingiziwa hata jambo dogo akanyamaza. Leo anatajiwa mwanamke na mtoto, na amenyamaza." Sauti yake ikashuka. "Ningefurahi mno angetuharibia kikao."

Hakulia. Afadhali angelia.

Mzee Theodory akanitazama muda mrefu. "Mkwe, karibu."

*

Neno la kwanza lililonijia lilikuwa la kufoka. Nililimeza. Nikafanya nilivyofundishwa.

"Mama Debora, umesema ulikuwa umeshanisamehe. Umesema ulisubiri nibishe, na niliponyamaza ukaona ni kweli. Nimekusikia sawasawa?"

Alinitazama kama mgeni. "Sawasawa."

"Una jingine?"

"Sina. Sema."

Nikasema. Nilianza na Steven kuzama, nikaja kwenye vyumba, mkokoteni, zahanati, gari la asubuhi, redio ya dereva. Nilikwenda kwa mpangilio, hatua kwa hatua, na mara mbili nilipotaka kuchepuka nilijirudisha mwenyewe. Nikamaliza kwa kusema kweli tupu. "Sikukwambia kwa sababu nilisahau. Najua inavyosikika."

Kisha Mzee Theodory akamgeukia mshenga wangu. "Beda. Ile tumekosa yako ya Kasanga ilikuwa ya nini?"

Mzee Beda akajikuna kidevu. "Ilikuwa ya desturi, ndugu yangu. Nilikuwa nimeshaizoea."

Mama mkwe alicheka kwanza, akafunika mdomo kwa khanga. Mzee Theodory akafuata. Hata Leonardi aliangalia pembeni. Debora alipoona watu wanacheka akarudi, akakaa mapajani mwangu, nami nikamtolea vile viatu bila kuogopa mtu. Hapo niliona kabisa nimeshinda.

Asnath hakucheka, lakini alikaa mkekani, karibu yangu. Kwao hilo si jambo dogo.

"Baba Debora," alisema, "kwa mara ya kwanza umeniambia jambo toka mwanzo mpaka mwisho. Nataka kukuamini. Nusu yangu imeshakuamini. Sasa niache niseme yangu, usinikatize."

Nikaitikia kwa kichwa kwamba nimesikia.

"Kila mtoto anayezaliwa zahanati ana kadi ya kliniki, na kadi ina jina la baba. Leo mchana lori la samaki linateremka Kasanga. Nitakwenda nalo na kaka. Nitamwomba Rahel anionyeshe kadi, mwanamke kwa mwanamke. Nikikuta jina la Steven, kesho narudi, nabeba begi hili na mtoto wangu, tunakwenda nyumbani na mtu asinitajie Kasanga tena."

"Na mkwe atabaki hapa mpaka mrudi," akasema Mzee Theodory. "Hatoki Mwazye."

Nikatabasamu. Nibaki hata mwezi, naogopa nini? Ukweli uko upande wangu. Nilikuwa namfunga Debora kiatu cha kushoto.

Na ndipo ilipokuja. Mambo niliyosahau hunijia hivyo, bila kubisha hodi, mikono ikiwa na kazi nyingine. Nilimwona nesi wa zahanati ameinamia meza, kadi mpya mbele yake, kalamu mkononi, mtoto analia chumba cha pili. Hakunitazama. Alisema, "Jina la..." akavuta pumzi, akageuza ukurasa.

"Polikarp," nikadakia.

Nilidhani ananiuliza mimi ni nani. Akaandika. Nilimwona kwa macho yangu akiandika, na nilitaka kumuuliza anaandika mstari gani, lakini nje dirishani kulikuwa na redio ya mtu inalia vibaya, nikatoka kuisikiliza.

Vidole vikaganda kwenye kamba ya kiatu. Nikisema sasa, nimekumbuka vipi leo, dakika hii, baada ya kutajiwa kadi? Nisiposema, jioni anaisoma.

"Lakini nikikuta jina lako," Asnath alikuwa anaendelea, "basi sitakuja hata kugombana na wewe. Nitakaa huko huko kwa siku chache, nifikiri, kwa sababu jambo la pili ninalotaka kukwambia, ambalo hata mama hajalijua..."

Alivuta pumzi. Alikuwa ananitazama machoni, ametulia, anayapanga maneno yake bila haraka, kama mtu ambaye ameamini kwamba leo atafika mwisho.

Nikafungua mdomo.

"Baba Debora," alisema taratibu, "sijamaliza."